Umegusa Jani, Tawi Limeondoka



Jumamosi alasiri ofisi ya usharika huwa na pilikapilika zake. Upande wa pili wa ukuta kwaya inarudia wimbo uleule hadi sauti ya tatu ikae sawa, mzee wa kanisa anatafuta funguo za stoo, na karibu na dirisha binti wa kwaya ya vijana amekaa mbele ya kompyuta mpakato akichora nembo ya fulana za tamasha. Anatumia tableti ya kuchorea, kibao cheusi chembamba kisicho na skrini, kilicholazwa mezani. Kalamu inatembea juu ya kibao, lakini macho hayapo mezani kabisa. Yako kwenye skrini ya kompyuta, ambako mstari unajitokeza. Asiyezoea huona kama mtu anayechora gizani. Yeye amezoea, mkono wake umejifunza kuamini kinachoonekana mahali pengine.

Alikuwa amechora tawi la mzeituni, na jani moja halikumpendeza. Akaigeuza kalamu kichwa chini, maana ncha ya pili ya kalamu ile ni kifutio, akaligusa jani kidogo tu. Tawi lote likatoweka.

"Baba mchungaji, njoo uone maajabu! Nimegusa jani tu, tawi zima limeondoka."

"Pole, binti yangu. Sasa itakuwaje?"

"Litarudi, baba. Ngoja nitendue." Akabonyeza Ctrl na Z kwenye kibodi, na tawi likarejea na jani lake lililopinda.

Kwake jambo lilikwisha hapo. Mimi nilivuta kiti, nikamwomba anifafanulie kifutio kile kinafanyaje kazi, kwa sababu nilihisi nimewahi kuliona jambo hilo kwenye vikao vya familia.

Programu anayoitumia inaitwa Inkscape. Ilianza mwaka 2003, inatengenezwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, na mtu yeyote anaweza kuipata bure. Michoro yake ni ya vekta. Picha uliyopiga kwa simu ni mkusanyiko wa nukta ndogo za rangi, na ukitaka kufuta kona moja unazibadili nukta za kona ile, basi. Mchoro wa vekta haukujengwa hivyo. Kila umbo limeandikwa kwa hesabu: linaanzia hapa, linapinda hivi, linaishia pale. Ndiyo sababu nembo moja huweza kuchapwa kwenye kalamu au kwenye bango la uwanja wa mpira, na kingo zake zikabaki safi. (Hesabu za mikunjo ile, kwa taarifa yako, zina asili katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën alizishughulikia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault ndiye aliyezifanya zijulikane katika miaka ya 1960. Jani la mzeituni lina ukoo na boneti ya gari.)

Binti alikuwa ameunganisha tawi na majani yake yakawa umbo moja. Kwa hiyo kalamu ilipogusa, kifutio hakikuona jani. Kiliona umbo, na hali kilichokuwa nayo wakati huo ilikuwa hali ya kuondoa kila umbo kinaloligusa.

Kwa maana kifutio hicho kina hali tatu, na mchoraji huchagua kwa vitufe vilivyo juu ya ukurasa. Katika hali ya kwanza, mstari mwekundu unaouburuta ukipita popote juu ya umbo, hata pembeni kabisa, umbo lote huondolewa. Haijalishi uligusa kiasi gani. Katika hali ya pili, kifutio hukata: mahali ulipopita panatoboka, na pengine pote panabaki. Katika hali ya tatu hakikati wala hakiondoi kitu, kinafunika. Sehemu uliyopitisha kalamu haionekani tena, lakini umbo liko zima chini yake, na siku ukiondoa kifuniko utalikuta kama lilivyokuwa.

Tukae kidogo kwenye ile hali ya kwanza, mpendwa, kwa sababu naogopa wengi wetu tunaishi nayo bila kujua.

Wifi alisema neno moja siku ya msiba, wakati watu wamechoka na hawajalala, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi nyumbani kwako. Rafiki mliyesoma naye alichelewesha mchango wa harusi, ukafuta namba yake kwenye simu. Kijana wa mtaani alikamatwa na kuku wa jirani akiwa na miaka kumi na minne. Leo ana mke na watoto na anafanya kazi yake ya uashi kwa uaminifu, lakini akipita bado tunavuta mlango. Je, tuligusa wapi? Neno moja, mchango mmoja, kuku mmoja. Na kilichoondoka ni nini? Miaka yote ambayo wifi alikuuguza ulipojifungua. Daftari zote ambazo rafiki alikuazima. Mtu mzima, pamoja na majani yake mabichi.

Bwana wetu alisimulia habari za shamba lililopandwa ngano, kisha adui akaja usiku akapanda magugu katikati yake. Watumwa walikuwa tayari kuingia kung'oa. Mwenye shamba akawazuia, kwa kuwa alijua mizizi imeshikana na mikono yao ilikuwa na haraka. Nikisoma sura ile ya kumi na tatu ya Mathayo, huwa napenda kuwatazama watumwa wale kwa huruma. Hawakuwa wabaya. Walilipenda shamba. Hasira yao ilitokana na bidii, na ndiyo maana haikuwa rahisi kwao kuona hasara ambayo ingefuata. Yawezekana wewe nawe uliyemfuta ndugu yako ulikuwa unalinda kitu chema, heshima ya mama yako, au amani ya watoto. Sikulaumu. Nakuuliza tu kwa upole: ulikusudia kuondoa jani au tawi?

Hali hiyo ina mahali pake, nisije nikaisingizia. Vipo vitu vinavyostahili kuondolewa vizima kwa mguso mmoja. Uvumi uliousikia kisimani. Deni la mtu aliyekwisha kulipa lakini bado unamkumbusha. Wivu kwa jirani kwa sababu ameezeka bati jipya. Hapo usikate vipande vidogo vidogo, ondoa chote.

Hali ya pili ndiyo iliyonishangaza zaidi. Binti alinichorea duara la kijani, akapitisha kifutio katikati kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Duara likawa vipande viwili na nafasi nyeupe kati yake. Mimi nikaona vitu viwili. Akashika kipande cha kushoto, akakiburuta, na cha kulia kikafuata.

"Bado ni umbo moja, baba," akasema. "Vimeachana kwa macho tu. Ukitaka vitengane kweli, kuna kitufe kingine cha kuchagua."

Nimewafikiria ndugu wengi tangu siku hiyo. Baba akifariki anaacha kiwanja, na kiwanja kina mpaka usioeleweka vizuri. Kaka mkubwa anasema mti ule wa mwembe uko upande wake, mdogo anasema baba alimwonyesha tofauti. Wanakwenda baraza la kata, wanarudi, hawasalimiani. Kila mmoja anaamini wameachana. Halafu mtoto wa mmoja anaumwa, na yule mwingine usingizi haumjii. Halafu shangazi anafariki, na wote wawili wanajikuta kwenye basi moja la kwenda kijijini, mmoja kiti cha mbele, mwingine kiti cha nyuma, wamebeba huzuni ileile. Ukivuta mmoja, wa pili anafuata. Kisu kilipita, nafasi ipo, wala sikuambii ujifanye huioni. Lakini hakuna aliyebonyeza kile kitufe kingine, na nadhani hata kaburini kwa baba hakuna anayetaka kukibonyeza.

Ikiwa wewe ni mmoja wa ndugu hao, sitakuhimiza uanze na mkutano wa ukoo. Mikutano ya ukoo ina wasemaji wengi. Anza na salamu. Mtumie mtoto na kikombe cha maharage mapya. Mpatanishi wa kwanza katika nyumba nyingi amekuwa mtoto wa miaka saba aliyetumwa na bakuli bila kuelezwa chochote.

Hali ya tatu ni ya kufunika, na hapa naomba twende polepole, kwa sababu jambo hili linaweza kuponya na linaweza kuumiza.

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi Nuhu alivyolewa divai ya shamba lake akalala uchi hemani. Mwana mmoja aliona akatoka kwenda kuwaambia wenzake. Shemu na Yafeti walichukua vazi, wakaliweka mabegani, wakaingia kinyumenyume nyuso zao zikiwa zimeelekea nje, wakamfunika baba yao. Fikiria hatua zile za kurudi nyuma, mguu ukipapasa njia. Walijua yaliyomo hemani, waliyajua vizuri kama ndugu yao. Walichagua tu macho yao yaelekee wapi. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, anasema upendo hufunika dhambi nyingi, na Petro alikuwa mtu mwenye sababu za kulijua hilo.

Upo udhaifu wa watu wetu unaohitaji vazi la namna hiyo. Mume aliyepoteza kazi akalia jikoni, mke wake hasimulii sokoni. Mama mkwe anayesahau siku hizi na kurudia hadithi ileile wakati wa chakula, na wajukuu wanamsikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, ambaye mwalimu wake anamwita pembeni badala ya kumsoma mbele ya darasa. Kufunika huko ni kazi ya kila siku na mara nyingi hakuna anayekuona ukiifanya.

Lakini kumbuka binti alivyonieleza: kilichofunikwa bado kipo ndani ya faili. Mchoro ukipelekwa kwa mchapaji, naye akiondoa kifuniko, ataona kila kitu. Kufunika hakubadilishi kilicho chini. Kwa hiyo, mpendwa wangu, kama kinachofunikwa nyumbani kwako ni kipigo, au mkono wa mtu mzima kwa mtoto, au fedha za wajane zilizochukuliwa na mwenye cheo, hilo halihitaji vazi. Linahitaji mwanga. Shemu na Yafeti walifunika aibu ya mzee aliyelala, hakuna aliyekuwa akiumizwa mle hemani. Tofauti hiyo ni kubwa, na ninasikitika kwamba mara nyingi tumewaambia akina mama wavumilie na kuita uvumilivu huo upendo. Njoo useme. Nenda dawati la jinsia la polisi ukasema. Msamaha utapata nafasi yake baadaye, na hautadaiwa kwako na mtu yeyote kwa haraka.

Binti aliniambia jambo jingine akiwa anafunga mkoba wake. Programu hukumbuka hali uliyoitumia mwisho. Ukiacha kifutio kwenye hali ya kuondoa leo, ukifungua kesho asubuhi utakikuta palepale. Wengi huumia hapo: jana walikuwa na sababu ya kufuta maumbo mazima, walikuwa wanasafisha ukurasa. Leo wamekuja kurekebisha jani, hawakuangalia juu, wakagusa.

Je, si hivyo ndivyo tunavyoamka? Ulilala umemkasirikia mkubwa wako wa kazi, na asubuhi wa kwanza kukugusa ni mtoto anayeuliza soksi yake iko wapi. Soksi ni jani dogo sana. Jibu alilopata lilikuwa limeandaliwa tangu jana kwa ajili ya mtu mwingine. Ndiyo maana wazee wetu wa imani walishikilia sana sala ya asubuhi, hata ile fupi, kabla ya chai. Nadhani walijua kwamba mtu anahitaji kitambo kidogo cha kuangalia moyo wake umelala katika hali gani kabla hajaanza kuwagusa watu. Haichukui muda. Ukiwa unajaza maji ndoo inatosha: Bwana, leo naamka na nini mkononi?

Kuhusu nguvu ya mkono nitasema kwa kifupi. Kalamu za tableti hupima mgandamizo, na zipo zinazotofautisha viwango 8192 kati ya mguso mwepesi na mkandamizo mzito. Lakini programu haiusikilizi mkono mpaka uende kwenye mipangilio ya vifaa ukaiambie isikilize. Kabla ya hapo mguso mwepesi na mzito huacha alama moja. Ipo pia namba ya uzito wa kifutio: ukiiongeza, kifutio hukawia nyuma ya mkono, na mkono unaotetemeka hupata mstari uliotulia. Yakobo aliwashauri wasomaji wake wawe wepesi wa kusikia na wazito wa kukasirika. Mzazi anayemkemea aliyemwaga maziwa kwa sauti ileile anayomkemea aliyesema uongo, mtoto wake atajuaje lipi lina uzito?

Nimebakiza orodha. Inkscape ina dirisha linaloonyesha hatua zote ulizofanya tangu ulipofungua faili: umechora, umesogeza, umefuta, umebadili rangi, umefuta tena. Ni orodha ndefu na haina haya, kila kosa limo kwa mpangilio wake. Inasaidia sana wakati kazi inaendelea, kwa sababu unaweza kurudi hatua unayoitaka. Lakini ukihifadhi mchoro na kufunga programu, orodha ile haihifadhiwi. Kesho unafungua faili, unakuta tawi. Hukuti mara zote ulizoharibu ukichora tawi.

Zipo nyumba ambamo faili haijafungwa kwa miaka. Mazungumzo yanaanza na sukari iliyokwisha, yanapita kwenye mkopo wa pikipiki, yanafika kwa maneno aliyosema dada wa bwana harusi ukumbini, na kabla ya saa nne usiku hatua zote za ndoa zimesomwa kuanzia ya kwanza. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba upendo hauweki hesabu ya ubaya uliotendewa. Aliwaandikia watu waliokuwa wakipelekana mahakamani, kwa hiyo hakuwa anapamba maneno. Sisemi usahau, mpendwa. Ubongo hauna kitufe cha hivyo, na aliyeumizwa akilazimishwa kusahau huumizwa mara ya pili. Nasema tu kwamba kukumbuka ni jambo moja, na kuifungua orodha ile mezani kila sukari inapokwisha ni jambo jingine.

Mtazame Yesu ufukweni, katika sura ya mwisho ya Yohana. Amewasha makaa, samaki wako juu yake, na Petro ameketi. Petro ndiye aliyemkana kando ya moto mwingine wa makaa, mara tatu, mbele ya kijakazi na watu waliokuwa wanaota moto. Kama kulikuwa na siku ya kusoma orodha, ilikuwa asubuhi ile, na mashahidi walikuwepo. Yesu aliwapa kifungua kinywa kwanza. Kisha akamuuliza Petro kama anampenda. Akauliza tena, na tena. Petro alihuzunika kwa ile mara ya tatu, na ninaamini alielewa kwa nini ni tatu. Lakini hakuna mahali Yesu anapomtaja jogoo. Anampa kondoo wa kulisha.

Wiki hii, kama una nafasi, tafuta namba moja uliyoifuta kwenye simu yako. Moja tu, wala isiwe ile ngumu kuliko zote. Ikiwa huna tena mahali pa kuipata, muulize shangazi, mashangazi huwa nazo. Piga jioni, watu wakiwa wametulia, na usianze na lile lililotokea. Uliza habari za nyumbani, uliza mvua zimeanza huko au bado. Asipopokea, usilihesabu kuwa jibu. Pengine yuko shambani, au hana chaji. Piga tena Alhamisi.